Kusanidi laini ya E1 kwenye ruta ya Cisco na kuikagua mpaka iwe safi

"Kontrola iko up lakini simu hazitoki." "Nimeandika 1-31, mbona ruta imezaa Serial0/0/0:15?" "Nikiandika controller E1 ruta inasema haiijui amri hiyo." Kila fundi kijana anayekabidhiwa laini ya E1, yaani laini ya kidijitali inayobeba simu au data, kwa mara ya kwanza huja na mojawapo ya maswali haya, na si kosa lake. Wengi mmeingia kazini baada ya nyaya za baharini za SEACOM (2009) na EASSy (2010) kufika pwani yetu, wakati data ilipokuwa inahamia kwenye fiber na Ethernet. E1 hamkuipata chuoni wala kazini. Lakini bado ipo: kwenye PABX (mitambo ya ndani ya simu) za hospitali, hoteli na benki, kwenye redio za maikrowevu zinazopeleka mawasiliano sehemu ambazo fiber haijafika, na kwenye mitambo ya mashirika ya umeme. Ikizimika, anaitwa fundi aliye karibu, na huyo huwa ni wewe.

Mwongozo huu unafuata ruta za Cisco za mfululizo wa 2800 na 2900 zenye kadi za VWIC2 au VWIC3, kwa kuwa ndizo zinazokutwa zaidi makabatini. Ukiwa na ruta ya mfululizo wa 4000 mantiki haibadiliki, ila amri za saa ni tofauti. Nitakuonyesha mahali hapo.

Kabla ya yote, shika utaratibu huu: usiguse anwani ya IP wala dial-peer (kanuni ya simu ipite wapi) kabla kontrola, sehemu ya ruta inayosimamia laini yenyewe, haijakaa dakika 15 nzima bila kosa hata moja. Mafundi wengi hupoteza siku kwenye mipangilio ya juu wakati tatizo liko kwenye waya wenye nyuzi nne.

Unachopaswa kukijua, na si zaidi

E1 hubeba kilobiti 2,048 kwa sekunde, zilizogawanywa katika nafasi 32 za kilobiti 64 kila moja. Nafasi ya 0 ni ya kupanga fremu, yaani mzunguko mmoja wa nafasi zote 32. Huwezi kuitumia kwa data yako. Nafasi ya 16 hubeba ishara za simu kama laini ni ya simu. Kama ni ya data tupu, nayo hubeba data. Ndiyo maana laini ya simu ina chaneli 30 za mazungumzo, na laini ya data yenye fremu hukupa kilobiti 1,984, si 2,048. Mteja akilalamika kwamba hapati "mega mbili kamili", mweleze hivyo.

Vitabu vingi vya Cisco hutoa mifano ya T1, laini ya Marekani yenye nafasi 24 na kilobiti 1,544. Mifano hiyo hutaja `esf` na `b8zs`. Usiinakili. Sisi tunatumia E1, na maneno yetu ni `crc4` na `hdb3`.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kutoka kwa mtoa huduma, au kwa fundi wa PABX kama laini haitoki nje ya jengo, pata kwa maandishi:

- Mpangilio wa fremu: `crc4` au `no-crc4`.
- Usimbaji wa laini: karibu kila mara ni `hdb3`, lakini uliza.
- Nani anatoa saa. Mtoa huduma karibu siku zote ndiye anayetoa, wewe unafuata.
- Nafasi zilizofunguliwa. Mteja aliyelipia chaneli 10 hana chaneli 30.
- Kwa simu: aina ya swichi ya ISDN (mfumo wa simu za kidijitali). Kwetu ni `primary-net5`, ile ya Ulaya.
- Kwa data: anwani za IP za pande mbili, na kama ni PPP au HDLC (itifaki za kupakia data kwenye laini).
- Ncha ya laini: RJ-45 ya ohmu 120 au kebo nene ya koaxi ya ohmu 75.

Usikubali jibu la "ni ya kawaida tu". Mwombe aliyekujibu aandike.

Vifaa: kompyuta yenye PuTTY au programu nyingine ya konsoli, kebo ya konsoli (kasi 9600), kebo ya E1, na kiziba cha lupu. Kiziba hiki, kinachorudisha kwako unachotuma, utakitengeneza mwenyewe: chukua kichwa cha RJ-45, unganisha pini 1 na 4, kisha 2 na 5. Kinakugharimu dakika tano, na ndicho kifaa kitakachomaliza mabishano kati yako na mtoa huduma.

Kama laini ni ya simu, hakikisha ruta ina moduli ya PVDM ndani. Bila moduli hiyo hakuna kitakachogeuza sauti kuwa pakiti. PVDM2-32 hubeba mazungumzo 32 ya G.711, lakini 16 tu ukitumia G.729a (hizo ni njia mbili za kusimba sauti), kwa hiyo piga hesabu kabla ya kuahidi chaneli 30.

Onyo kuhusu kebo. E1 hutumia pini 1 na 2 kupokea, na 4 na 5 kutuma. Kebo ya mtandao ya kawaida, iliyonyooka, hupitisha pini hizo bila shida. Kebo ya Ethernet ya kuvuka haifai kabisa, kwa sababu huvusha pini 1 na 3, 2 na 6. Ukiunganisha ruta moja kwa moja na PABX, au ruta kwa ruta, unahitaji kebo ya kuvuka ya E1: pini 1 iende 4, 2 iende 5, 4 iende 1, 5 iende 2. Na kama mtoa huduma amekuletea koaxi mbili za ohmu 75, usichomeke kwa kuunga-unga nyaya. Tafuta kibadilishi kidogo ambacho mafundi hukiita baluni, kinachogeuza 75 kuwa 120.

Hatua ya 1: Hakikisha ruta inaiona kadi

```
show inventory
show version
```

Kadi ionekane kwa jina, mfano VWIC2-1MFT-T1/E1, pamoja na nafasi iliyomo. Isipoonekana, zima ruta, ikalishe vizuri, washa tena. Usichomoe kadi ya aina hii ruta ikiwa inawaka.

Hatua ya 2: Iambie kadi kwamba ni E1

Kadi hizi hufanya kazi zote mbili, T1 na E1, na hazichagui zenyewe. Ndiyo sababu amri ya `controller E1` hukataliwa mwanzoni: mpaka uchague, kontrola yenyewe haijazaliwa.

```
configure terminal
card type e1 0 0
```

Tarakimu ya kwanza ni nafasi kubwa, ya pili ni nafasi ndogo. Kadi iliyo katika tundu la kwanza la ruta ni 0 0, na mlango wake wa kwanza utaitwa 0/0/0.

Onyo. Ukiandika `t1` kwa bahati mbaya, hutabadilisha kwa kuandika amri nyingine juu yake. Itabidi uifute kwa `no card type`, uhifadhi, uwashe ruta upya, ndipo uandike sahihi. Kama ruta hiyo inabeba wateja wengine, hilo ni zima-washa la usiku. Soma mara mbili kabla ya kugonga Enter.

Hatua ya 3: Panga saa

Hapa ndipo laini nyingi za simu huharibikia, na uharibifu wake haujitangazi. Kontrola inaonyesha `up`, simu zinaita, ila mazungumzo yana mikwaruzo, faksi hukatika katikati ya ukurasa, na kila saa chache laini inajipanga upya. Sababu: pande mbili zinahesabu biti kwa saa mbili tofauti kidogo. Upande ulio polepole unafurika, mwingine unaishiwa, na fremu moja hurushwa au hurudiwa. Hilo huitwa `slip`.

Kwa laini ya simu kwenye 2800 na 2900:

```
network-clock-participate wic 0
network-clock-select 1 E1 0/0/0
```

Amri ya kwanza inairuhusu kadi kushirikiana saa na mwili wa ruta, ambamo PVDM imo. Ya pili inasema saa itoke kwenye laini hiyo. Ukiisahau ya kwanza, kontrola itafuata saa ya mtoa huduma lakini PVDM itafuata saa ya ruta, na utabaki na `slip` ambazo huzielewi. Hakiki kwa `show network-clocks`. Kwenye mfululizo wa 4000 amri za kazi hii huanza na `network-clock synchronization`. Andika hivyo kisha alama ya kuuliza, ruta itakuonyesha kinachofuata.

Kwa laini ya data tupu, hatua hii unaweza kuiruka.

Hatua ya 4: Sanidi kontrola

```
controller E1 0/0/0
 description LAINI KWENDA KWA MTOA HUDUMA
 framing crc4
 linecode hdb3
 clock source line
 no shutdown
```

Ruta ikiachwa yenyewe huchagua `crc4`, `hdb3` na `line`, kwa hiyo huenda usione baadhi ya mistari hii kwenye `show running-config`. Haijapotea. Ni kawaida ya IOS, programu inayoendesha ruta, kuficha kilicho sawa na chaguo-msingi.

Kuhusu `clock source`: `line` maana yake "nafuata", `internal` maana yake "naongoza". Upande mmoja tu uongoze. Pande zote zikifuata, hakuna wa kufuatwa. Zote zikiongoza, `slip` hazitakoma. Kwa laini ya mtoa huduma weka `line`. Ruta ikiunganishwa na PABX ya ndani ambayo haina saa kutoka nje, ruta ndiyo iongoze: `internal`.

Usiweke bado `channel-group` wala `pri-group`, amri za kugawa nafasi zinazokuja Hatua ya 6. Kwanza tuone laini yenyewe.

Hatua ya 5: Chomeka waya, soma kontrola

Tazama taa tatu za kadi. CD ikiwaka kijani, mawimbi yanafika. AL ikiwaka, kuna kengele ya hitilafu. LP ikiwaka, laini iko kwenye lupu. Kisha:

```
show controllers e1 0/0/0
```

Unachokitaka ni hiki:

```
E1 0/0/0 is up.
  No alarms detected.
  Framing is CRC4, Line Code is HDB3, Clock Source is Line.
  Data in current interval (330 seconds elapsed):
     0 Line Code Violations, 0 Path Code Violations
     0 Slip Secs, 0 Fr Loss Secs, 0 Line Err Secs, 0 Degraded Mins
     0 Errored Secs, 0 Bursty Err Secs, 0 Severely Err Secs, 0 Unavail Secs
```

Usipopata `up`, soma ujumbe wa kengele neno kwa neno. Kila mmoja unakuelekeza mahali tofauti:

`Receiver has loss of signal` – hakuna kinachoingia kabisa. Kebo imekatika, imechomekwa mlango mwingine, jozi za kutuma na kupokea zimegongana, au kifaa cha upande wa pili kimezimwa. Anza na kebo.

`Receiver has loss of frame` – mawimbi yanafika lakini ruta haitambui mpangilio wake. Mara nyingi ni `crc4` dhidi ya `no-crc4`, au upande wa pili umeweka laini isiyo na fremu.

`Receiver is getting AIS` – kifaa cha katikati kiko hai lakini kimepoteza mawasiliano na kilicho nyuma yake, kwa hiyo kinakutumia biti za 1 mfululizo ili ujue. Hapo usiguse kebo yako hata kidogo. Mpigie mtoa huduma, mtajie neno AIS, naye atajua aanzie wapi.

`Receiver has remote alarm` – wewe unamsikia mwenzako, yeye hakusikii. Tatizo liko kwenye njia yako ya kutuma: pini 4 na 5, au koaxi ya kutuma, au usanidi wake yeye.

Huu wa mwisho ndio unaowachanganya wengi. Wanaona kontrola `down`, wanabadilisha kila kitu upande wa kupokea, na upande wa kupokea hauna kosa.

Ikiwa `up`, usisherehekee bado. Ngoja kipindi kimoja kipite. Ruta hukusanya hesabu kwa vipindi vya dakika 15 na kutunza vipindi 96, yaani saa 24. Makosa machache katika kipindi cha kwanza ni ya ile chomeka-chomoa yako. Kipindi cha pili ndicho cha kuhukumia laini, nacho kinapaswa kuwa na sufuri kila mahali. Si "makosa machache". Sufuri.

Zikipanda, soma ni zipi:

- `Slip Secs`: saa. Rudi Hatua ya 3.
- `Line Code Violations`: kebo mbovu, kiungio chenye kutu, au usimbaji usiolingana.
- `Path Code Violations` bila za laini: shaka ya kwanza ni CRC4 isiyolingana, ya pili ni makosa yanayotoka mbali zaidi ya kipande chako.

Kwenye laini zinazopita redio juu ya mnara, makosa yanayokuja na mvua za masika na kuisha jua likiwaka ni maji ndani ya viungio vya koaxi. Usanidi hautayatibu, fundi wa mnara apande.

Hatua ya 6, kwa data

```
controller E1 0/0/0
 channel-group 0 timeslots 1-31
!
interface Serial0/0/0:0
 encapsulation ppp
 ip address 10.20.30.2 255.255.255.252
 no shutdown
```

Sifuri iliyo baada ya nukta mbili ni namba ya kundi uliyoichagua wewe. Kama umenunua nafasi 8 tu, andika zile zile alizofungua mtoa huduma, mfano `1-8`. Zisipolingana, kontrola itakuwa safi huku kiolesura cha Serial kikijaa makosa ya CRC na `abort`. Ukiona sura hiyo, kontrola safi na Serial chafu, usitafute kebo. Linganisheni nafasi kwa simu, moja baada ya nyingine.

Cisco ikiachwa yenyewe hutumia HDLC ya kwake. Upande wa pili ukiwa kifaa cha kampuni nyingine, tumieni PPP. Kisha:

```
show interfaces Serial0/0/0:0
```

Tafuta `line protocol is up`, `LCP Open`, na IPCP katika orodha ya `Open` (LCP na IPCP ni hatua za PPP za kukubaliana na upande wa pili). BW isomeke 1984 Kbit kwa nafasi zote 31.

Hatua ya 6, kwa simu

```
isdn switch-type primary-net5
!
controller E1 0/0/0
 pri-group timeslots 1-31
!
interface Serial0/0/0:15
 isdn incoming-voice voice
```

Sasa jibu la lile swali. Ruta inahesabu nafasi kuanzia sifuri katika jina hili, kwa hiyo nafasi ya 16, inayobeba ishara, inaitwa :15. Hujakosea kitu. Mlango wa sauti nao utaitwa `voice-port 0/0/0:15`.

Onyo. Ukifungua chaneli chache, usiisahau 16. Chaneli kumi huandikwa `pri-group timeslots 1-10,16`. Na usifungue 30 kwa mteja aliyelipia 10 ukidhani ziada haina madhara. Ruta itajaribu kutoa simu kwenye chaneli ambazo upande wa pili hazipo, na mteja atakuambia simu "wakati mwingine zinagoma".

Kagua:

```
show isdn status
```

Layer 1 (laini yenyewe) isomeke `ACTIVE`, na Layer 2 (chaneli ya ishara) isomeke `MULTIPLE_FRAME_ESTABLISHED`. Mpaka uyaone maneno hayo mawili, hakuna simu itakayotoka, hata uandike dial-peer nzuri kiasi gani.

Yakishaonekana, weka njia za simu. Huu ni mfano wa simu za mkononi za Tanzania, zenye tarakimu kumi:

```
dial-peer voice 100 pots
 destination-pattern 0[67]........
 port 0/0/0:15
 forward-digits all
!
dial-peer voice 1 pots
 incoming called-number .
 direct-inward-dial
 port 0/0/0:15
```

Mistari miwili hapa huachwa na karibu kila anayeanza. `forward-digits all`: dial-peer ya aina ya `pots` hukata tarakimu ulizozitaja waziwazi, kwa hiyo bila mstari huu ile 0 ya mwanzo haitoki, na mtoa huduma anapokea namba yenye tarakimu tisa asiyoielewa. `direct-inward-dial`: bila huu, anayepiga kutoka nje anasikia mlio wa kusubiri tarakimu badala ya simu kuita mezani kwa mhusika.

Hatua ya 7: Itese laini kabla ya kuikabidhi

Kwa data, ping ya kawaida ya pakiti tano haithibitishi chochote. Tumia kubwa, nyingi, na zenye sifuri tupu:

```
ping 10.20.30.1 repeat 1000 size 1500
ping 10.20.30.1 repeat 1000 size 1500 data 0000
ping 10.20.30.1 repeat 1000 size 1500 data FFFF
```

Ile ya `0000` ndiyo kipimo cha usimbaji. HDB3 hubadilisha kila sifuri nne zinazofuatana kuwa alama maalumu ili saa isipotee njiani. Upande mmoja ukiwa na HDB3 na mwingine AMI, usimbaji usiofanya hivyo, ping ya kawaida inaweza kupita na ya sifuri ikaanguka. Nimeona laini ikitumika miezi na hitilafu hii, watu wakilalamika tu kwamba "baadhi ya mafaili hayafiki".

Kwa simu, piga nje, pokea kutoka nje, na piga simu kadhaa kwa pamoja mpaka chaneli zijae. Kaa kwenye simu moja angalau dakika kumi ukisikiliza; `slip` utazisikia kama vidonoo vidogo.

Hatua ya 8: Hifadhi

```
copy running-config startup-config
```

Umeme hukatika. Usanidi usiohifadhiwa hukatika nao, na `card type` ikipotea kontrola nzima inapotea, pamoja na kila kilichojengwa juu yake.

Ikikataa: mahali pa kutafuta

*Hujui kama kosa ni lako au la mtoa huduma.* Chomoa laini, chomeka kiziba cha lupu kwenye mlango wa ruta. Weka kwa muda `clock source internal` kwenye kontrola na `encapsulation hdlc` kwenye Serial. Kontrola ikiwa `up` na kiolesura kikisema `line protocol is up (looped)`, piga ping anwani yako mwenyewe. Ikipita yote, ruta, kadi na usanidi wako ni wazima. Kisha peleka kiziba mbele hatua moja: mwisho wa kebo ndefu, kwenye kisanduku cha mtoa huduma ukutani. Mahali inapoanza kukataa ndipo pabovu. Ukimaliza, rudisha `clock source line` na PPP. Laini nyingi zinazoonyesha `slip` siku moja baada ya "kutengenezwa" ni zile ambazo fundi alisahau `internal` ndani.

*Layer 2 ya ISDN inabaki `TEI_ASSIGNED` au `AWAITING_ESTABLISHMENT`.* Washa `debug isdn q921`. Ukiona ruta inatuma SABMEp (ombi la kufungua mawasiliano) tena na tena bila UAf (jibu la kukubali) kurudi, chaneli ya ishara haijibiwi. Kama upande wa pili ni mtoa huduma, huenda hajafungua nafasi ya 16 upande wake. Kama ni PABX, huenda nyote wawili mmejiweka upande wa mtumiaji; mmoja lazima awe upande wa mtandao. Kwenye ruta:

```
interface Serial0/0/0:15
 isdn protocol-emulate network
```

*Layer 2 ni nzima lakini simu zinakatwa papo hapo.* `debug isdn q931`, piga simu moja, soma sababu ya kukatwa. Sababu ya 1 ni namba isiyopangiwa mtu, 17 ni namba inayotumika, 28 ni namba iliyoandikwa vibaya, 34 ni kukosekana kwa chaneli huru. Ukipata 1 au 28, tazama namba iliyotoka: karibu kila mara ama imekosa 0 ama imebeba tarakimu ya ziada, kama ile 9 ya kuombea laini ya nje. Ukipata 34 wakati hakuna anayeongea, linganisha chaneli ulizofungua na zilizolipiwa. Ukimaliza, `undebug all`.

*Ruta inakataa kufuta `pri-group`.* Zima kwanza voice-port na kiolesura cha :15 kwa `shutdown`, kisha futa.

*Laini ilikuwa safi, sasa ina makosa baada ya radi.* Badilisha kebo kwanza, kisha jaribu kiziba cha lupu. Lupu ikikataa, kadi imepigwa. Kabla ya kuweka mpya, kagua waya wa ardhi wa kabati na wa kisanduku cha mtoa huduma. Visipofungwa ardhini, kadi mpya itaenda kwa radi inayofuata.

*Makosa yanakuja saa fulani tu.* Hapa vile vipindi 96 ndivyo msaada wako. Andika `show controllers e1` asubuhi, hesabu kurudi nyuma ni vipindi vipi vyenye makosa, linganisha na saa za jenereta kuwashwa, mvua, au wafanyakazi kuingia chumba cha mitambo. Mtumie mtoa huduma matokeo yenyewe yakiwa na saa, yaliyonakiliwa jinsi yalivyo, badala ya kumwambia "laini inasumbua".

Siku ya kukabidhi, nakili kwenye faili moja matokeo ya `show controllers e1`, `show isdn status` au `show interfaces`, na `show network-clocks`, laini ikiwa safi. Acha nakala moja kwa mteja, nyingine ofisini kwako, na uandike kwenye mlango wa kabati namba ya laini na namba ya dawati la mtoa huduma linalopokea hitilafu usiku.